Msuluhishi Asiye na Upande: Tunajifunza Nini kwa Kardinali Samorè?



Leo tuzungumzie kazi ambayo wengi wetu tunaifanya bila kujua kwamba ina kanuni zake: kuwasuluhisha watu waliogombana. Unajikuta tu umo ndani. Mmesimama nje ya kanisa baada ya misa ya pili, mtu anakuvuta pembeni: "Kaka, nina shida na fulani, naomba utukalishe." Unakubali, maana nani atakataa? Halafu unaharibu.

Nasema unaharibu kwa sababu mimi niliharibu.

Vijana wawili wa parokia yetu (majina nayaacha) walifungua steshenari pamoja. Mmoja alileta mashine ya kutolea kopi, mwingine akalipa kodi ya fremu ya miezi sita. Hawakuandikishana kitu. Walikuwa marafiki tangu mafundisho ya Kipaimara, na kuandikishana waliona ni kama kutoaminiana. Mwezi wa tano mashine ikafa. Mwenye mashine akasema: faida tulikuwa tunagawana sawa, basi na gharama ya fundi tugawane. Mwenzake akasema: mashine ni yako na itabaki yako, mimi kodi yangu imeshaliwa na mwenye nyumba, hairudi. Ukisikiliza vizuri, wote wawili walikuwa na hoja, na hapo ndipo ugomvi unapokuwa mgumu. Ugomvi wa mwizi na aliyeibiwa hauhitaji msuluhishi, unahitaji polisi.

Nikawaita ukumbini. Kumbe kosa langu lilishafanyika usiku wa jana yake. Mwenye mashine alinipigia simu akanieleza kwa saa nzima, na mimi nikawa naitikia tu, "kweli kabisa", "hapo umeonewa". Tena ni mimi niliyemsimamia Kipaimara. Tulipokaa, hata robo saa haikuisha, yule mwingine akaniangalia usoni akasema, "Kaka, wewe umeshaamua. Sasa mimi mmeniitia nini?" Akanyanyuka, akaondoka. Mwamba ngozi huvutia kwake, na siku ile mwamba ngozi nilikuwa mimi.

Baada ya aibu ile nikarudi kwenye Maandiko, na nilianzia pale ambapo Yesu mwenyewe alikataa kusuluhisha. Fungua Luka 12:13-14. Mtu mmoja katika umati anamwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Yesu anamjibu kwa swali: ni nani aliyemweka yeye kuwa mwamuzi au mgawaji wao? Zamani jibu hilo lilikuwa linanisumbua. Bwana wa amani anakataaje kuwapatanisha ndugu wawili? Lakini soma polepole uone mtu yule aliomba nini. Hakusema "tusikilize". Alikuja peke yake, hukumu ameshaiandika kichwani, akataka Yesu aigonge muhuri. Ndugu yake hatujui hata kama alikuwepo. Kwa maoni yangu (mapadre mnaosoma hapa mtanisahihisha), yule mtu alikuwa anatafuta fimbo ya kumchapia mwenzake, na Yesu akakataa kuwa fimbo. Ndiyo maana mara moja anageukia umati na kuonya juu ya tamaa ya mali. Mimi ile simu ya usiku ningeijibu hivyo hivyo: ngoja kwanza, mwenzako yuko wapi?

Haina maana kwamba Maandiko yanakataa mtu wa tatu. Katika Mathayo 18:15-17 Yesu anaweka ngazi: kwanza wewe na ndugu yako, ninyi wawili tu, akikataa, chukua mmoja au wawili, akizidi kukataa, lipeleke kwa Kanisa. Sisi siku hizi tumezigeuza ngazi juu chini. Tunaanza na kundi la WhatsApp la kwaya, watu mia na ishirini, halafu ndipo tunaulizana kama kuna aliyewahi kuzungumza na mhusika. Naye Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 6, anawashangaa Wakristo wanaoburuzana mbele ya mahakama za wapagani kana kwamba kati yao hakuna hata mmoja mwenye hekima ya kutosha kuamua jambo la ndugu. Swali hilo linachoma. Jumuiya Ndogo Ndogo yenye kaya kumi na tano imekosa hata mtu mmoja?

Mtu huyo awe wa namna gani? Katika Kutoka 18 Yethro anamshauri Musa achague watu wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa. Hilo tumelizoea. Lakini Walawi 19:15 inaongeza neno ambalo hatulihubiri sana: katika hukumu usimpendelee mkubwa, na usimpendelee maskini pia. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kuwa upande wa maskini, na ni sawa, lakini ukikaa kwenye kiti cha usuluhishi huruma yako isiamue kabla masikio hayajasikia. Mimi nilimwonea huruma mwenye mashine kwa kuwa nilijua alivyoipata kwa shida. Mwenzake naye alikopa ile kodi. Sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Sasa twende kwenye historia ya Kanisa, na siyo ya mbali. Ni habari ambayo nadhani vijana wengi hamjawahi kuisikia.

Kusini kabisa mwa Amerika ya Kusini, karibu na Tierra del Fuego, kuna mkondo wa bahari uitwao Beagle. Mashariki mwa mkondo huo kuna visiwa vitatu: Picton, Nueva na Lennox. Ni visiwa vya baridi na upepo, watu ni wa kuhesabu. Chile na Argentina walivigombania kwa miaka mingi, kila mmoja akiusoma mkataba wa mipaka wa 1881 kwa namna yake. Mwaka 1971 walikubaliana kupeleka shauri kwa waamuzi: majaji watano wa Mahakama ya Kimataifa, chini ya mwavuli wa Malkia wa Uingereza. Majaji wakafanya kazi yao, na mwaka 1977 uamuzi ukatoka: visiwa vyote vitatu ni vya Chile.

Mnadhani ugomvi uliisha? Januari 1978 Argentina ikatangaza kwamba uamuzi ule ni batili. Walikuwa wameukubali utaratibu wenyewe, kwa saini zao, lakini matokeo yalipokuja kinyume wakayakataa. Nchi zote mbili wakati huo zilitawaliwa na wanajeshi, Videla huku na Pinochet kule. Ilipofika Desemba 1978 meli za kivita zilikuwa tayari baharini, na wiki ya Krismasi vita ilikuwa ya saa tu. Kumbukeni, hizi ni nchi mbili za Kikatoliki. Askari wa pande zote mbili wangekufa wakiwa na rozari moja shingoni.

Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa na miezi miwili tu na siku chache tangu achaguliwe. Alijitolea kutuma mjumbe wake binafsi, na pande zote mbili zikakubali. Mjumbe mwenyewe alikuwa Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka 73, mtunza maktaba na nyaraka za Kanisa, aliyewahi pia kuwa balozi wa Papa nchini Colombia. Tarehe 26 Desemba, watu wakiwa bado wanakula pilau ya sikukuu (sawa, kule pengine ni nyama choma), yeye alikuwa anashuka Buenos Aires.

Angalieni sasa alichofanya. Hakuanza na visiwa. Alikwenda Buenos Aires akasikiliza, akavuka milima ya Andes kwenda Santiago akasikiliza, akarudi tena, akaenda tena. Jambo la kwanza alilolitafuta lilikuwa dogo kuliko visiwa na lenye haraka kuliko visiwa: wakubali kutopigana wakati mazungumzo yanaendelea. Tarehe 8 Januari 1979, huko Montevideo, mji wa nchi ya tatu, wakatia saini. Waliomba usuluhishi wa Papa na wakaahidi kutotumia nguvu. Wiki mbili tu! Halafu kazi yenyewe ikachukua karibu miaka sita.

Hapa nataka tukae kidogo, maana sisi tunapenda suluhu ya jioni moja. Tunakalisha watu saa kumi, saa kumi na mbili tunataka wakumbatiane tupige picha. Desemba 1980 Papa alitoa pendekezo lake. Chile ikalikubali. Argentina haikulikubali. Kama Papa angekuwa mwamuzi kama wale majaji, mambo yangeishia hapo kwa mara ya pili, uamuzi kwenye karatasi na meli baharini. Lakini msuluhishi hana hukumu ya kukataliwa. Ana mazungumzo tu, na mazungumzo yanaweza kuanza tena kesho. Yakaendelea. Mwaka 1982 Argentina ikaingia vitani na Uingereza kwa ajili ya visiwa vya Falkland, ikashindwa, na utawala wa kijeshi ukaanza kuporomoka. Februari 1983 Kardinali Samorè akafariki dunia. Hakuona mwisho wa kazi yake. Mwishoni mwa mwaka huo Argentina ikapata rais wa kuchaguliwa, Raúl Alfonsín, ambaye aliwauliza wananchi kwa kura Novemba 1984. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Tarehe 29 Novemba 1984 mkataba wa amani na urafiki ukatiwa saini Vatikano.

Na visiwa? Vilikwenda Chile. Vilevile kabisa kama majaji walivyosema mwaka 1977.

Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilicheka, nikasema sasa miaka yote ile ya nini? Baadaye nikaelewa. Mwaka 1977 Argentina iliambiwa "umeshindwa". Mwaka 1984 ilikuwa imesikilizwa mpaka ikachoka yenyewe, na hofu yake kubwa, kwamba Chile itatumia visiwa kujitanua ndani ya bahari ya Atlantiki, ilishughulikiwa katika namna mpaka wa bahari ulivyochorwa. Tunda lilikuwa karibu lile lile, ila safari hii limeiva. Leo mojawapo ya njia za kuvuka Andes kati ya nchi hizo mbili inaitwa kwa jina la Kardinali Samorè. Malori yanapita hapo, na pengine madereva hawajui mzee huyo alikuwa nani.

Kwa nini walimkubali Papa? Si kwamba Papa hakuwa na uhusiano nao. Wote walikuwa watoto wake. Hili linanirudisha kwa Ayubu. Katika sura ya 9, aya ya 33, Ayubu katika maumivu yake analalamika kwamba hakuna mtu wa katikati baina yake na Mungu, wa kuwawekea mkono wote wawili. Iweke picha hiyo akilini: mkono mmoja begani kwa huyu, mwingine begani kwa yule. Kanisa linaona jibu la kilio hicho kwa Kristo, ambaye Paulo katika 1 Timotheo 2:5 anamwita mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu. Yeye ni Mungu kweli na mtu kweli. Kwa hiyo kutokuwa na upande si lazima kuwe kutowajali wote, kama mpita njia. Kwaweza kuwa kuwapenda wote wawili kiasi kwamba hakuna atakayekuona umemwacha.

Lakini tusidanganyane, hata watu wakubwa hulaumiwa. Mwalimu Nyerere aliposuluhisha Warundi pale Arusha, upande wa serikali ya Burundi ulilalamika kwamba ana upande, kwa sababu nchi jirani, Tanzania ikiwemo, ziliiwekea Burundi vikwazo baada ya mapinduzi ya 1996. Mwalimu aliendelea mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mandela akapokea kijiti, na mkataba ukatiwa saini 28 Agosti 2000. Naye, kama Samorè, hakuuona.

Tushuke kwetu sasa. Vijana wengi hawajui kwamba hata sheria za nchi yetu zimeweka nafasi ya msuluhishi. Ukifukuzwa kazi kwa uonevu, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na jina lake lenyewe linakupa somo la leo: kwanza usuluhishi, mnakaa mnazungumza, ikishindikana, uamuzi, mtu anaamua. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Nawaambia kwa sababu nimeona vijana wanakaa nyumbani miezi mitatu wakisali bosi apoe. Sali, na fomu upeleke. Kwenye ndoa pia, Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani.

Kuna jambo moja naomba mlisome mara mbili. Si kila kitu kinasuluhishwa. Msichana akibakwa, mtoto akilawitiwa, mke akipigwa mpaka kuumizwa, huo si ugomvi wa pande mbili, ni jinai. Tumeshasikia sana maneno ya "tuyamalize kifamilia", mbuzi wawili wanatolewa, wazee wanashikana mikono, na binti anabaki analia chumbani. Hapo msuluhishi anakuwa mshirika wa uovu. Nenda kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na kama wewe ni kiongozi wa vijana umsindikize aliyeumizwa mpaka mlangoni. Hata mkubwa wa jumuiya akikuomba ukae kimya, usikae kimya. Kumpatanisha mwenye nguvu na aliyemkanyaga kabla haki haijatendeka ni kumkanyaga mara ya pili.

Nirudi kwa wale ndugu zangu wa steshenari. Baada ya mimi kuharibu, katekista alitushauri tumwone mama mmoja wa kigango cha jirani, mwalimu mstaafu. Hakumjua hata mmoja wao, na hilo la kwanza lilitosha kuwatuliza. Aliniomba mimi nisiwepo. Nilikaa nje chini ya mwembe, kwa hiyo haya nimesimuliwa na wao wenyewe.

Mama alianza kwa kuuliza kama wote wawili wanamtaka yeye, au kuna aliyeburuzwa. Akasema hatatoa hukumu, na asiyetaka anaweza kuondoka wakati wowote. Akamsikiliza kila mmoja peke yake, muda ule ule kwa saa ya ukutani. Walipokaa pamoja akafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: akamwambia mwenye mashine, "Nieleze malalamiko ya mwenzako, mpaka mwenyewe aseme umepatia." Ilimchukua mara tatu. Mara ya kwanza akaanza na "yeye anadai eti", mama akamsimamisha. Kisha ikawa zamu ya mwingine, naye alirudia mara mbili. Ndipo ikajulikana kuhusu mkopo wa kodi. Ndipo ikajulikana pia kwamba mashine iliharibika siku ambayo mwenye kodi alimwachia mdogo wake dukani, jambo ambalo alikuwa amelificha kwa hofu.

Hawakumaliza siku ile. Walirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Mwishowe waliandika ukurasa mmoja wa daftari: biashara wanaivunja, gharama ya fundi wanagawana nusu kwa nusu kwa sababu ya yule mdogo, mwenye mashine anabaki na mashine, na anamrudishia mwenzake sehemu ya kodi kwa awamu nne, kila mwisho wa mwezi. Wakatia saini, mama akatia saini kama shahidi, kila mmoja akapewa nakala. Kopi zilitolewa kwenye duka la mtu mwingine, ya kwao ilikuwa bado haijapona.

Awamu ya tatu imelipwa mwezi uliopita. Kwenye kwaya wote ni besi, wanakaa mstari mmoja, ingawa si viti vya kufuatana. Mimi nilimwendea yule aliyeondoka ukumbini nikamwomba radhi, nikamweleza kuhusu ile simu ya usiku. Akasema, "Yameisha, kaka." Lakini tangu siku hiyo hajanipigia simu, na sijui kama nimpigie mimi au nimwache kwanza.

Kwa kikao cha jumuiya wiki hii, someni Luka 12:13-15 na Mathayo 18:15-17 kwa pamoja, halafu mjadili: katika jumuiya yenu, ugomvi ukitokea kati ya mwenyekiti na kijana wa kawaida, ni nani anayeweza kukaa katikati na wote wawili wakamwamini? Mkikosa jina, andikeni hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, na mumpelekee paroko.